Hizi alama za mechi ya kujipima nguvu mnazitoa wapi?

Nimekuwa kimya kidogo. Chuo kimefungwa, niko home Shanwe, hapa Mpanda, na mtandao wa huku unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Asanteni wote mlioniulizia. Nipo, mzima wa afya, na bumu lilishakata siku nyingi, kwa hiyo msianze kunipiga mizinga.

Leo sina stori za hosteli wala za matokeo ya UE. Leo nina ugomvi, na nagombana na nyie nyie washkaji zangu.

Kila mwaka Simba Day ikipigwa, au kilele cha Wiki ya Mwananchi, hata watu hawajatoka uwanjani pale kwa Mkapa, tayari kuna mtu amerusha orodha. Kipa 6 kati ya 10. Beki wa kulia 4. Kiungo mpya 3, na pembeni ameandika "garasa hili, tumepigwa". Straika aliyefunga goli moja la kuparaza anapewa 9. Orodha inazunguka kwenye magrupu yote, ya darasa, ya wana-Katavi, mpaka ya ukoo. Huku mtaani ndiyo usiseme. Kwenye kibanda umiza watu wametoa buku lao, wamebanana kwenye mabenchi, na kabla ya mapumziko kesi imeshahukumiwa: fulani aongezewe mshahara, fulani apandishwe basi la kurudi alikotoka.

Nasema hivi: alama hizo ni uzushi. Zingekuwa za kuchekesha tu ningekaa kimya, lakini zinaumiza watu, na nitawaonyesha zinavyoumiza hapa hapa mtaani kwetu.

Tuanze na jina lenyewe. Kiswahili kimetusaidia sana hapa. Mechi hizi tunaziita za kujipima nguvu. KUJIPIMA, jamani. Timu inajipima yenyewe, kwa mizani yake, kwa sababu zake. Kocha anataka kujua huyu aliyetoka majeruhi anaweza dakika 45 bila kuchechemea. Anataka kuona mabeki wawili ambao hawajawahi kucheza pamoja wanaelewana au wanagongana. Asubuhi ya mechi, au jana yake, ameweza kuwakimbiza mpaka wakatapika, kwa sababu lengo lake ni ligi na hiyo mechi haimsumbui. Mchezaji anaingia miguu mizito kama amefungwa mawe, wewe umekaa na soda yako unasema "hana kasi". Utajuaje kasi ya mtu aliyechoshwa makusudi?

Halafu angalia na idadi ya wanaoingia. Kwenye mechi ya kirafiki timu zikikubaliana zinaweza kubadili wachezaji wengi kuliko kwenye ligi. Mara nyingi kikosi cha kwanza kinacheza kipindi cha kwanza, kipindi cha pili anaingia karibu kila mtu. Mchezaji anaingia dakika ya 70 pamoja na wenzake sita, wengine wamefahamiana wiki iliyopita. Pasi haifiki. Mnampa 3. Hiyo 3 ni ya nani hasa? Yake, ya aliyetakiwa kukimbia akasimama, au ya kocha aliyewachanganya wote kwa mpigo ili aone nini kitatokea?

Kwa lugha ya chuo tutaelewana vizuri zaidi. Kumpa mchezaji alama kwenye mechi ya kujipima nguvu ni sawa na kumpangia first year GPA wiki ya kupokelewa, bado anauliza kantini iko wapi. Hajafanya test, hajakaa kwenye UE, hajajua hata lecturer anafananaje, na wewe umeshamwandikia sapu. Wangapi kati yetu tungekuwa bado chuoni kwa utaratibu huo? Tungekuwa tumedisko kabla ya kupewa kitambulisho!

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana najua kuna watu watasema napiga siasa. Nimechukua mechi ambazo wote tunazikumbuka.

Tarehe 29 Agosti 2021, kilele cha Wiki ya Mwananchi, Yanga wakafungwa 2-1 na Zanaco ya Zambia mbele ya watu wao. Msimu uliofuata, 2021/22, Yanga hao hao wakachukua ubingwa wa Ligi Kuu bila kupoteza mechi hata moja.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 2022, sherehe ile ile, wakapigwa 2-0 na Vipers ya Uganda. Kelele mnazikumbuka. Siku saba tu baadaye, kwenye Ngao ya Jamii, Fiston Mayele akatupia mawili na Simba wakalala 2-1. Msimu huo Yanga wakabeba ligi, wakabeba kombe la FA, wakaenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa kwa goli la ugenini tu dhidi ya USM Alger. Na Vipers waliotisha siku ile? Walifika makundi ya Ligi ya Mabingwa wakamaliza mkiani, na Simba akawafunga nje ndani, moja moja. Mimi ni Mnyama damu, nadhani mnajua, na kuyaandika hayo ya jirani kunauma. Lakini ukweli ni ukweli.

Haya, tuje nyumbani kwangu. Tarehe 6 Agosti 2023, Simba Day, uwanja umefurika, Rais Samia yupo jukwaani, Simba tukaifunga Power Dynamos ya Zambia 2-0. Alama za siku hiyo zilikuwa za juu mpaka aibu. Kumbe ratiba ya Ligi ya Mabingwa imetupanga na Power Dynamos hao hao! Watu wakasema tumeshavuka. Mwezi Septemba kule Ndola ikawa 2-2, na bila mabao mawili ya Clatous Chama tungerudi tumeinamisha vichwa. Marudiano Chamazi tarehe 1 Oktoba, 1-1. Tumepita kwa goli la ugenini, roho mkononi. Timu ile ile, ndani ya miezi miwili. Hizo 8 na 9 za Simba Day zilikuwa zinapima kitu gani? Na tarehe 5 Novemba mwaka huo huo... hiyo 5-1 sitaielezea, niacheni.

Mwaka 2024 Yanga walikwenda Bloemfontein, Afrika Kusini, wakaichapa Kaizer Chiefs 4-0 kwenye Toyota Cup, Julai 28. Hapa Mpanda bodaboda walizunguka mji na bendera. Msimu ule Yanga walibeba ubingwa wa nyumbani, sawa, ila kwenye Ligi ya Mabingwa waliishia makundi. Kaizer Chiefs, ambao tulishawazika siku ile, Mei 2025 wakawafunga Orlando Pirates 2-1 kwenye fainali ya Nedbank na kupata kombe lao la kwanza tangu 2015.

Mtu atasema, "mbona 2020 Simba Day tuliipiga Vital'O ya Burundi 6-0, na msimu ule tukabeba ligi na kufika robo fainali Afrika?" Swadakta. Hiyo ndiyo hoja yangu. Ukishinda sita unaweza kufanikiwa, ukifungwa mbili unaweza kufanikiwa vile vile. Mizani inayosoma uzito ule ule ukiweka gunia la mpunga na ukiweka gunia tupu, hiyo unaitupa.

"Lakini sisi tunapima mchezaji mmoja mmoja, siyo matokeo." Haya, nawafuata huko huko.

Simba Day 2022, tarehe 8 Agosti, tuliifunga St George ya Ethiopia 2-0. Wafungaji wawili: Kibu Denis na Nelson Okwa, Mnigeria aliyekuwa ndiyo kwanza amesajiliwa. Goli moja, goli moja. Kwa orodha zenu wote wawili wamefaulu. Ilipofika dirisha dogo, Januari 2023, Okwa akapelekwa Ihefu kwa mkopo. Kibu akabaki, na Aprili 16, 2023 akaifunga Yanga kwenye ile 2-0. Na huyo Kibu ndiye ambaye mashabiki wetu wenyewe wamemkandia miaka na miaka kwamba hafungi. Makocha wamekuja wameondoka, kila mmoja anampanga. Kwa nini? Kwa sababu kuna vitu anafanya ambavyo orodha yenu haina safu yake: anakaba kuanzia mbele, anarudi kumsaidia beki, anakimbia mbio ambazo mpira haufiki ila zinamvuta beki kutoka kwenye nafasi. Goli la Agosti halikuwaambia chochote kuhusu tofauti ya watu hawa wawili. Na simlaumu Okwa hata kidogo. Alifunga, alifanya kazi yake siku ile. Sisi ndio tuliompa mtihani usiokuwepo na tukamsahihishia.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike leo.

Haya mambo yangebaki kwa Simba na Yanga nisingesumbuka sana. Wachezaji wale wana mikataba, wana mameneja, wana wanasheria. Ukimpa 3 kwenye grupu lako, Ijumaa mshahara unaingia. Shida ni kwamba tabia imeshuka chini, mpaka kwenye timu zetu za huku, ambako mchezaji hana mkataba wala meneja, ana njumu za kuazima tu.

Kuna dogo wa hapa hapa Shanwe, jina lake nalihifadhi. Beki wa kushoto, mguu wa kushoto wa kuzaliwa nao, huo ambao timu zinautafuta kwa tochi. Timu moja ya hapa mjini, nayo naihifadhi, ilikuwa inajiandaa na ligi, ikamwita majaribio. Amefanya mazoezi nao siku nne. Ikaja mechi ya kirafiki. Akaingizwa kipindi cha pili, saa nane na nusu mchana, jua la Mpanda mnalijua. Kapangwa winga ya kulia kwa sababu winga mwenyewe alichelewa. Winga ya KULIA, mtu wa kushoto. Mpira alioupata kwa dakika 30 unahesabika kwa vidole. Akapoteza miwili, mmoja ukazaa goli.

Jioni ile ile kwenye grupu la timu ikapita orodha. Dogo kapewa 2 kati ya 10, na maneno ya kumsindikiza siwezi kuyaandika hapa, mama yangu anasoma hii blogu. Wazee wa kamati wakaisoma ile orodha kama wanasoma ripoti ya daktari. Kesho yake hakupewa jezi ya mazoezi. Hakuna aliyemwambia "umeshindwa hiki, karekebishe". Aliambiwa tu asubiri simu. Simu gani, wadau? Yuko stendi anaendesha bodaboda ya mtu, na hesabu ya jioni lazima itimie. Mpira hachezi tena, hata ile ya jioni ya kujifurahisha.

Nilimuuliza aliyeandika ile orodha, ni mtu ninayemfahamu vizuri tu, kwa nini alimpa 2. Akanijibu, "Mzee, hata mimi sikumuona sana, nilikuwa napiga simu, ila lile goli lilitokea upande wake." Basi! Hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Na huu mkoa wetu tangu uzaliwe mwaka 2012 kutoka Rukwa haujaanza kumwaga wachezaji Ligi Kuu kama Kigoma au Mwanza. Tuko mbali, maskauti hawaji huku kila wiki. Dogo wa Ilala akikataliwa timu moja, kesho anapanda daladala anaenda kujaribu nyingine. Dogo wa Shanwe akikataliwa timu ya mjini hapa, nyingine iko wapi? Tabora? Nauli nani anatoa? Kwa hiyo mlango ni mmoja, na funguo tumempa mtu aliyekuwa anapiga simu.

Najua mtanijibu nini. La kwanza, "shabiki ana haki ya kusema, amelipa kiingilio." Unayo, sema. Sema umefurahi, umeboreka, jezi mpya mbaya. Ila alama kati ya 10 inajifanya ni kipimo. Ukishaandika namba, mtu wa mbali ambaye hakuangalia mechi anaamini kuna kitu kilipimwa.

La pili, "mbona hata kocha anatumia mechi hizo hizo kuchuja?" Kweli anatumia. Lakini kocha anajua alimwagiza nini mchezaji. Anajua amemchosha kiasi gani, anamwona mazoezini asubuhi na jioni, anajua nani amelala na malaria na nani amefika jana kwa basi la usiku. Mechi kwake ni ukurasa mmoja wa daftari. Wewe ukurasa huo mmoja ndio daftari zima. Na kocha anayechuja mtu kwa mechi moja tu, tena nje ya namba yake, naye simtetei.

Sasa msiseme napinga tu bila kutoa njia. Mtu akitaka kutathmini mchezaji kwenye mechi ya maandalizi, afanye hivi:

1. Kabla ya jina la mchezaji aandike kwanza dakika alizocheza, namba aliyopangwa, na waliokuwa pembeni yake. Bila hivyo vitatu, aache.

2. Aangalie sekunde tano baada ya mchezaji kupoteza mpira. Anakimbiza, anarudi kwenye nafasi, au anashika kiuno na kumtazama refa? Hicho hakidanganyi hata mwezi wa saba.

3. Aangalie anavyosimama kabla mpira haujamfikia. Amegeuza mwili kuona uwanja? Ameangalia nyuma ya bega? Aliyechoka mazoezini anaweza kukosea pasi, lakini kichwa kinachosoma mchezo kinaendelea kusoma.

4. Asihesabu magoli wala kanzu. Beki wa timu nyingine naye yuko kwenye maandalizi, naye miguu mizito.

5. Aandike maneno, aache namba. "Alicheza nusu saa winga ya kulia, siyo namba yake, alirudi kukaba mara zote." Sentensi hiyo moja ingemfanya mzee wa kamati aulize, "kwani namba yake ipi?" Ile 2 haikumfanya aulize kitu.

Na kwa viongozi wa timu zetu za mitaani, kama kuna anayenisoma: mtu wa majaribio mpeni mechi tatu, angalau mbili kwenye namba yake mwenyewe, na mkimwacha mwambieni sababu usoni. Haihitaji bajeti wala mfadhili. Inahitaji wiki mbili na mdomo.

Kwa washkaji zangu wa chuo, maana nyie ndio waandishi wakuu wa hizi orodha, mna bando na mna muda: msimu mpya unakuja na mechi za kujipima zinakuja. Nitakayemuona ameandika "4/10" kwenye grupu la darasa nitamuuliza hadharani dakika ngapi, namba gani, na nani. Akishindwa kujibu hayo matatu nampa sapu mimi mwenyewe, na kwenye sapu hiyo hakuna kudesa.

Naomba kuwasilisha. Mlango wa matusi na hoja uko wazi hapo chini, ila hoja zitangulie.